Tulipofuata Malori ya Mchanga

Nilipostaafu, vijana wa chumba cha kuchorea waliniaga kwa soda na keki, kisha wakaniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri kwa sababu mdomo ulikuwa umejaa keki: kampuni hii ilipitaje ile miaka ambayo Nairobi iliacha kujenga? Sasa niko nyumbani na muda ninao, kwa hivyo nitawajibu. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Vyeo vyangu vilikuwa vitatu, na viwili kati yavyo vilikuwa majina tofauti ya kazi ile ile.

Naitwa Rispa Ayuma. Nilikuja Nairobi kutoka Maragoli miaka michache baada ya Uhuru, nikakaa na dada yangu Laini Saba, Kibera, kwenye chumba ambacho treni ikipita vikombe vilihama mezani. Shuleni nilikuwa na mkono mzuri wa kuchora. Hilo tu ndilo nililokuwa nalo siku niliyopanda ngazi hadi ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa, kuomba kazi kwa Mhandisi Mwangemi.

Mwangemi alikuwa Mtaita mfupi, mwenye sauti ya chini na tai moja. Kampuni yake ilikuwa ya washauri wa ujenzi. Watu wengi, hata shemeji zangu, hawakuwahi kuelewa maana yake, kwa hivyo niiseme hapa: sisi hatujengi. Mtu akitaka jengo, tunamchorea, tunamkadiria vifaa, halafu tunasimama uwanjani kuhakikisha mkandarasi hachanganyi zege kama uji wa mgonjwa.

Siku hiyo ya kwanza alinipa karatasi ngumu inayopitisha mwanga, kalamu ya wino yenye ncha kama sindano, na wembe.

"Huu wembe unajua ni wa nini?" akaniuliza.

"Wa kuchonga penseli, sir."

"Penseli ina kichongeo. Huu ni wa kukwangua wino ukikosea. Kosa la penseli tunafuta na raba. Kosa la wino tunakwangua na wembe. Kosa la zege tunaita nyundo kubwa na wakili. Sasa kaa hapo, unakili hiki choo."

Kilikuwa choo cha shule. Nilikinakili nikakirudia, nikakirudia tena, mpaka usiku nikawa naota mabomba. Mwangemi hakupandisha sauti hata mara moja. Aliweka karatasi dirishani, akaitazama dhidi ya mwanga, akairudisha mezani kwangu, akaenda zake. Siku alipoichukua bila kuirudisha, nilishuka kwenye duka la vitambaa nikajinunulia kitambaa cha kichwa.

Mbia wake alikuwa Bwana Lobo, msanifu majengo, Mgoa aliyezaliwa papa hapa Nairobi, mtu wa viatu vinavyong'aa. Alikuwa amechora mabenki. Yeye ndiye aliyenifundisha kuandika herufi za ramani. "Rispa, herufi zako zinakimbilia basi gani?" alikuwa akiniuliza akipita nyuma yangu, nami nazipunguzia mwendo. Tulikuwa na mashine ya kuchapa ramani iliyotumia amonia, na iliwaliza watu wote ofisini bila ubaguzi, wakubwa kwa wadogo. Nyinyi mnaobonyeza kitufe siku hizi hamjui mlichokosa, na msisikitike.

Nyokabi alikuja baadaye. Alikuwa mkadiriaji majenzi, yaani yule anayetazama ramani na kukuambia inataka saruji kiasi gani, mawe kiasi gani na misumari ya aina gani. Alizaliwa Riruta, ambako baba yake alikuwa na shamba kabla mji haujafika. Wakandarasi walipomwona uwanjani mara ya kwanza walimuuliza bosi wake yuko wapi. Aliwajibu kwa upole kwamba bosi amebaki ofisini, yeye amekuja tu kuhesabu nondo. Kisha alizihesabu, na zikapatikana zile zilizokuwa zimepungua.

Alipenda kunichukua katika safari hizo. Alibeba buti za mpira kwenye mfuko wa mkonge, akazivaa getini, na viatu vyake vya ofisi akaviacha kwa mlinzi. Tukifika kwenye ukuta ananiuliza, "Hii ni nini?"

"Ukuta, Madam."

"Ukuta uko kwenye ramani. Hapa kuna mawe. Yametoka wapi? Yalikuja na gari gani? Nani ameyachonga, na anakula wapi saa sita?"

Mwanzoni nilidhani ananichokoza. Baadaye nikaona kwamba kwake jengo lilikuwa ni watu wengi wanaotoka sehemu nyingi kufika mahali pamoja, na anayejua wanakotoka anaweza kujua mapema nani atachelewa. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyefanya kazi hiyo hivyo. Nimemwiga kwa miaka mingi, na mwigo si kitu chenyewe.

Tulikuwa na miaka mizuri. Mji ulipanda juu, nasi tukapanda nao. Halafu bei ya kahawa ikaanguka, mafuta yakapanda, na wote waliokuwa wanajenga wakaacha kwa mkupuo. Tulikuwa na jengo moja la maofisi katikati ya mji ambalo lilikuwa limefika nusu. Mwenyewe alisimamisha kazi kwa simu, kwa maneno machache, na toka siku hiyo nondo zikabaki zimechomoza juu zikishika kutu huku kunguru wakijenga. Kunguru peke yao ndio waliokuwa wanajenga katikati ya mji wakati huo.

Simu ikanyamaza. Dada aliyekuwa akiipokea akaanza kufuma sweta, na hakuna aliyemkataza. Kampuni iliyokuwa jengo la pili ikafungwa, na mbao zao za kuchorea zikaishia kwenye hoteli moja ya River Road, zikawa meza za chai. Nilikunywa chai hapo siku moja, nikaona alama za wembe kwenye mbao. Nililipa, nikaiacha nusu.

Mkutano uliitwa. Tulikaa sote, kuanzia Mwangemi hadi Bwana Musa aliyetupikia chai. Bwana Lobo alizungumza kwanza, na naomba mumsikie vizuri, kwa sababu hakuwa mtu mbaya. Alisema mambo kama haya huja na kupita. Dawa ni kupunguza mzigo: nusu ya chumba cha kuchorea waende nyumbani, waliobaki wangoje. Alisema hivyo akitazama meza, hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa katika nusu ya kwenda. Hakuna aliyeniambia, lakini mtu hujua.

Mwangemi akamgeukia Nyokabi. "Mkadiriaji, unasemaje?"

"Nasema sijui," Nyokabi akajibu. "Na Bwana Lobo pia hajui. Tunasema hakuna anayejenga, lakini tunaangalia kutoka dirisha hii tu. Nipe hawa watu wiki moja, kabla hujawapeleka nyumbani."

"Wafanye nini?"

"Wafuate malori ya mchanga."

Bwana Lobo alicheka, na si kwa ubaya. Nyokabi hakucheka. Alieleza kwamba mtu anaweza kudanganya kuhusu mipango yake, lakini hakuna anayenunua lori la mchanga ili alitazame. Mchanga ukiingia mahali, hapo pana ujenzi. Mwangemi alifikiri, akasema sawa.

Basi tukatawanyika mjini. Bwana Musa alisimama Mombasa Road na birika lake la chai, kwa sababu alikataa kuliacha. Mimi niliwekwa Dagoretti Corner. Kazi ilikuwa kutazama malori ya mchanga na ya mawe yanakata kona wapi, kisha kufuata kwa miguu na kuuliza. Madereva walidhani sisi ni wa kanju, askari wa baraza la mji, wakatukimbia. Nilipomweleza mmoja kwamba tunatafuta kazi, alinipandisha mbele na kunipeleka mwenyewe.

Alinipeleka Kawangware. Na kesho yake nikafuata mwingine, naye akaingia Riruta. Mchanga ulikuwa unaingia humo kila siku. Wenye ploti walikuwa wanabomoa vyumba vya mbao na udongo wanajenga vya mawe, kwa sababu watu hawakuwa wameacha kuja Nairobi hata kama pesa zilikuwa zimeacha. Makanisa yalikuwa yanajenga. Shule za harambee zilikuwa zinajenga. Wote walijenga bila ramani, au kwa ramani iliyochorwa ardhini kwa kijiti na kufutwa na kuku.

Tuliporudi, Nyokabi aliweka ramani ya mji kwenye ubao na kutia alama nyekundu kila palipoingia mchanga. Katikati ya mji palikuwa peupe. Magharibi palikuwa pekundu.

"Kazi haijaisha," akasema. "Imehama. Na sisi tuhame."

"Nyokabi, mimi nimechora mabenki," Bwana Lobo akasema. "Sasa nikachore vyumba vya kupangisha? Mlango na dirisha?"

"Ndiyo. Na choo."

Yaliyofuata yalichukua mchana mzima, na sitawachosha. Mpango wake ulikuwa hivi. Hakuna atakayefukuzwa; wote, hata wakubwa, watafanya kazi siku chache kwa wiki na kushiba kidogo kidogo. Tutafungua chumba Kawangware, karibu na watu, badala ya kungoja wapande ngazi zetu. Na tutajaribu mpaka mvua ndefu ziishe. Ikiwa kufikia hapo hatujapata kazi ya kutuweka hai, mpango wa Bwana Lobo utafuatwa. Mwangemi alikubali. Siku ile ile mchoraji mmoja, Otieno, alisema wiki fupi haitawalisha watoto wake, akaaga akarudi kwao. Nyokabi alimsindikiza mpaka kituo cha basi. Huo mpango ulituokoa, lakini haukumwokoa Otieno, na Nyokabi hakuwahi kuusimulia bila kumtaja.

Nikawekwa Kawangware. Chumba chetu kilikuwa kati ya kinu cha posho na bucha, kwa hivyo ramani zetu zilikuwa na unga upande mmoja na nzi upande wa pili. Nyokabi alikuja siku zake, mimi zangu. Watu walifika wengi. Walitaka kujua kama tunauza rangi, kama tunaandika watu kazi, kama sisi ni kanisa. Mmoja alileta redio mbovu.

Mteja wa kwanza wa kweli alikuwa Mama Njeri. Alikuwa mwenyeji, mjane, mwenye ploti huko Kongo, sehemu ya Kawangware inayoteremka kuelekea kijito. Alitaka kubomoa vyumba vyake vya udongo na kuweka vya mawe.

"Nataka laini mbili za vyumba zikiangaliana," akaniambia. "Stima nitaweka Mungu akipenda. Wewe chora tu, usinicheleweshe."

Nilikwenda kupima. Ploti yake ilikuwa katikati ya mteremko. Juu yake palikuwa na ploti ya mzee mmoja ambaye hakukaa hapo na hakujali. Chini yake palikuwa pa Mzee Gachuhi, mwenye vyumba vingi na maneno machache. Maji yote ya juu yalipita kwa Mama Njeri na kuingia kwa Gachuhi, yakitafuta kijito. Kuta za udongo, kwake na kwa Gachuhi, zilikuwa na mstari wa unyevu uliofika karibu na kitanda. Nilimwuliza Mama Njeri kuhusu maji hayo.

"Wewe chora nyumba," akasema. "Maji ni ya Mungu."

Nilipeleka vipimo ofisini. Bwana Lobo aliona jibu mara moja, na lilikuwa jibu zuri la msanifu: tuinue sakafu. Nyumba ikae juu, maji yapite kando, kazi iishe, mteja afurahi. Mvua zilikuwa zimeshaanza, na hatukuwa na kazi nyingine yoyote mkononi.

Nyokabi aliufuata mteremko kwenye ramani kwa kidole. "Tukiinua sakafu hapa, maji yote yataenda kwa nguvu kwa Gachuhi," akasema. "Tutakuwa tumewachorea wapangaji wake mafuriko. Na jina letu litakuwa kwa kona ya hiyo karatasi."

"Hao si wateja wetu," Lobo akasema.

"Wale walio penye alama nyekundu kwenye ile ramani ya mji wote ni majirani wa mtu, Bwana Lobo. Tukiharibia jirani wa kwanza, wa pili hatakuja."

Alitaka mfereji mmoja wa mawe, uanzie kwenye mpaka wa juu, upite kwa Mama Njeri, ukate kwa Gachuhi mpaka kijitoni. Kwenye karatasi ulikuwa mstari mmoja tu. Kasoro yake ni kwamba Gachuhi na Mama Njeri hawakuwa wamesalimiana kwa miaka, kwa sababu ya mpaka.

Tulikwenda kwa Gachuhi pamoja. Alitupokea amesimama nje ya duka lake, hakutupa kiti. Nyokabi alimsalimu kwa Kikuyu, akaulizia jamaa, kisha akanipisha nieleze. Nilifungua ramani. Sikuwa nimefika mbali.

"Maji ya watu wengine yapite kwa shamba yangu kwa nini?" Gachuhi akauliza. "Na huyu ni nani? Si ni mpangaji wa Kibera? Ati atanifundisha shamba ya baba yangu?"

Ni kweli nilikuwa mpangaji wa Kibera. Nilianza kuikunja ramani.

"Mzee," Nyokabi akasema, bila haraka, "huyu ndiye mtaalamu aliyepima. Mimi leo nimekuja kumbebea mfuko." Na kweli mfuko wangu, ule wenye tepu na vigingi, ulikuwa begani kwake. Aliuchukua tulipokuwa tunapanda kilima, nami sikuwa nimegundua. "Kama hutaki kumsikia leo, tutarudi. Baki salama."

Nilimaliza kuikunja ramani tukaondoka. Yeye alizungumza juu ya bei ya viazi mpaka tukafika, akiniacha ninyamaze nitakavyo. Huo ndio ulikuwa uungwana wake.

Wiki zilipita. Mama Njeri alianza kutishia kutafuta fundi amjengee bila sisi. Mwangemi hakuuliza chochote, lakini alikuja Kawangware siku moja kununua nyama ambayo angeweza kuinunua mjini, akatazama kile chumba kitupu, akaondoka na nyama yake. Mvua ndefu zilikuwa zinaelekea ukingoni na hatukuwa na mstari mmoja uliojengwa.

Kisha alasiri moja mbingu zilifunguka. Kinu cha posho kikazimwa, watu wakajibanza barazani. Nyokabi alikuwa akivaa buti zake.

"Tunaenda wapi, Madam?"

"Kumwita Mzee Gachuhi. Anakuja huko chini kuchukua kodi kukiwa na jua. Sidhani ameona kukinyesha."

Tulimkuta dukani. Nyokabi hakubishana naye wala hakutaja mfereji. Alisema tu, "Mzee, nisindikize mpaka vyumba vyako. Nina mwavuli." Sijui kwa nini alikubali. Labda kwa sababu mwanamke wa Riruta, binti wa watu anaowajua, alikuwa amesimama mvuani akimwomba, na watu barazani walikuwa wanatazama.

Tuliteremka. Maji yalikuwa yanashuka rangi ya chai ya maziwa, yakibeba makaa na maganda. Katika chumba cha mwisho alikaa Mama Adisa, mshonaji. Alikuwa amepandisha cherehani yake juu ya kitanda, na watoto wawili juu ya meza, na yeye mwenyewe alikuwa anachota maji kwa karai na kuyamwaga nje, mahali yalipokuwa yanatoka. Alimwona mwenye nyumba mlangoni akanyooka.

"Karibu, mzee," akasema. "Pa kukanyaga hakuna, lakini karibu."

Gachuhi aliingia. Maji yalifunika viatu vyake. Alisimama hapo akitazama kitanda, cherehani, watoto, ule mstari wa unyevu ukutani ambao sasa ulikuwa na sababu.

"Hii maji hufika hapa kila mvua?"

"Kila mvua, mzee. Tulidhani unajua."

Gachuhi alichukua karai lingine lililokuwa mlangoni, akachota mara moja, akamwaga, akaliweka chini. Kisha akatoka. Mimi nilidhani tumeshinda. Nilimtazama Nyokabi, naye akatikisa kichwa: bado.

Kwa kweli bado. Kesho yake Gachuhi alisema ameona, lakini mfereji utamlia kipande alichopangia kibanda cha mboga. Nyokabi akaniambia nichukue kamba na vigingi. Tulikwenda tukautandika mfereji ardhini, kamba mbili sambamba kutoka kwa Mama Njeri mpaka kijitoni, kisha tukauacha hapo. Aliwaeleza watu wa pale kwamba utafunikwa na vibao vya zege, kwa hivyo juu yake patakuwa njia ya kupita bila matope. Wapangaji wakaanza kupita kati ya kamba hata kabla ya kuwa na mfereji. Watoto waliruka juu yake. Mama Njeri alikuja akausimamia, mikono kiunoni.

Asubuhi moja nilifika nikakuta kigingi kimoja kimesogezwa, upande wa Gachuhi, kikipisha kile kibanda chake. Nilikasirika. Nilikimbilia Nyokabi kumwambia vipimo vyetu vimeharibiwa.

Alikaa kwenye kiti akacheka mpaka akajifuta macho.

"Rispa, Mzee amekubali."

"Amekubali nini? Amehamisha kigingi!"

"Mtu asiyetaka mfereji anang'oa vigingi vyote anatupa. Huyu amekisogeza. Sasa tunabishana upana tu. Nenda uchore upya, upite pale alipoweka yeye."

Nilichora upya. Ulipita vizuri, ukiwa na kona ndogo ambayo hadi leo naipenda kuliko michoro yangu mingine yote. Mvua ndefu zilikuwa zimeisha, lakini Mwangemi aliitazama ramani hiyo dhidi ya mwanga, hakuirudisha, na mpango wa Bwana Lobo haukutajwa tena. Gachuhi na Mama Njeri hawakupatana kwa siku moja. Walianza kwa kuzungumza kupitia fundi. "Mwambie huyo mama mawe yake yamezidi upande wangu." "Mwambie huyo mzee si yangu, ni ya mfereji." Fundi wetu, Wekesa, alisimama katikati na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, akipeleka ujumbe wa pande zote mbili bila kubadilisha neno, mpaka siku moja alichoka akawaambia wazungumze wenyewe, mikono yake ina saruji. Wakazungumza.

Mfereji ulikwisha kabla ya mvua fupi. Mvua ya kwanza iliponyesha, sote tulikwenda kutazama, kama watu wa arusi. Maji yalishuka, yakaingia kwenye mawe, yakapinda kwenye ile kona, yakaenda kijitoni. Mama Adisa alikuwa anashona mlango wazi. Bwana Lobo alikuja na mwavuli wake na viatu vyake vinavyong'aa, akatembea juu ya vibao kutoka juu mpaka chini, na viatu vikabaki vinang'aa.

"Nilidhani umetushusha," akamwambia Nyokabi.

"Tumeshuka kweli," akajibu. "Huku ndiko kazi iko."

Baada ya hapo hatukuhitaji kutundika kibao. Gachuhi mwenyewe alileta wenye ploti wenzake, akiwaeleza mfereji kana kwamba aliuota yeye. Tulichora vyumba, vyoo, kumbi za makanisa. Bwana Lobo alichora shule ya harambee upande wa Riruta yenye madirisha ya juu yanayoingiza mwanga bila jua, na mimi niliyenakili mabenki yake nasema hiyo ndiyo kazi yake bora. Simu ilianza kulia tena mjini, na sweta ya yule dada haijamalizika hadi leo. Tulikuwa tunafanya kazi wiki nzima, sote, kabla mji haujaanza kuamka.

Ulipoamka, mwenye lile jengo la kunguru alirudi. Alitaka kazi imalizike upesi, na alitaka kampuni yote iwe pale. Wengi ofisini waliona ni wakati wa kufunga chumba cha Kawangware na kurudi kwenye majengo yenye lifti. Mwangemi, ambaye alikuwa anajiandaa kustaafu na kumwachia Nyokabi uongozi, alimwachia pia uamuzi huo. Nyokabi alichukua lile jengo. Chumba hakukifunga.

Asubuhi aliyokuja kunikabidhi funguo za chumba alikuwa na haraka. Mkutano wa jengo ulikuwa unamngoja mjini. Alikuwa ananionyesha jinsi ya kuikaza bawaba ya dirisha wakati akina mama watatu walipoingia. Niliwatambua kwa sura, watu wa Laini Saba kama mimi, wapangaji, wa kikundi cha kanisa. Walisalimu. Walitaka kujenga choo na bafu kwa ajili ya laini yao, mwenye nyumba alikuwa amewapa ruhusa tu, bila pesa. Hatukuwa tumewahi kupata mpangaji aliyekuja kama mteja.

Walinipita kwa macho wakamtazama Nyokabi, na suti yake, na mkoba wake.

"Tunatafuta mwenye ofisi," akasema aliye mbele.

Nyokabi alitundika mkoba begani. "Mko naye," akasema, akanionyesha kwa kidevu, akatoka. Sikumsikia hata akiteremka barazani, kwa sababu ya kinu.

Nilivuta benchi wakakaa. Nikafungua karatasi mpya, nikashika penseli.

"Karibuni, mama. Hicho choo mnataka kikae wapi?"

Walitazamana wao kwa wao. Halafu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja.